Alama 561, pointi 49: kijana wa Gredi ya 8 amepanda au ameshuka?

Swali: Habari Mwalimu. Nakuandikia kutoka Ahero. Kijana wangu yuko Gredi ya 8 na ripoti yake ya muhula wa pili imenishinda kusoma. Muhula wa kwanza alipata alama 537 kwa masomo tisa, pointi 54, na chini wakaandika ME1. Muhula huu alama ni 561, lakini pointi ni 49, chini wameandika ME2, halafu kuna mshale mwekundu unaoelekea chini na -0.6. Maoni ya mwalimu: "Anafikia matarajio, ajitahidi zaidi." Namba ya darasani haipo. Baba yake anasema kijana ameshuka, mimi naona alama zimeongezeka. Dada yake wa Kidato cha Tatu ana C+, na najua hiyo ni pointi 7. Sasa huyu mwenye ME2, yaani pointi 5, ni sawa na C-? Na mdogo wao wa Gredi ya 2 ameleta 4 kila mahali. Nimpongeze nani, nimkazie nani? Nimekutumia picha za ripoti zote mbili za huyo kijana.

Jibu: Mama, wewe na baba yake nyote mmesoma sawa. Kwa alama kijana amepanda 24, kwa pointi amepungua 5, na hesabu zote mbili ni sahihi. Ila ukinitaka nichague, nitasimama upande wako. Nimezipitia picha somo kwa somo, na lililoshuka kikweli ni moja tu, Sayansi Jumuishi. Hilo baba yake ana haki ya kuuliza. Mengine manne ambayo pointi zake zimepungua yamepoteza alama moja au mbili tu.

Tuanze na ngazi zenyewe, maana hazikuandikwa kwenye ripoti na zingepaswa kuwepo. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, hutumia ngazi nane zilizotolewa na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya. EE ni kuzidisha matarajio, ME ni kufikia matarajio, AE ni kukaribia, na BE ni kuwa mbali nayo. Kila moja imekatwa mara mbili. Alama 90 hadi 100 ni EE1, pointi 8. Kuanzia 75 hadi 89 ni EE2, pointi 7. Kuanzia 58 hadi 74 ni ME1, pointi 6. Kuanzia 41 hadi 57 ni ME2, pointi 5. Kisha 31 hadi 40 ni AE1, pointi 4. 21 hadi 30 ni AE2, pointi 3. 11 hadi 20 ni BE1, pointi 2. Na 10 kushuka chini ni BE2, pointi 1. Masomo tisa mara pointi 8 ni 72, kwa hiyo 49 ya kijana wako isomwe 49 kwa 72.

Angalia kwamba 1 iko juu ya 2. Mzazi anayeona mtoto ametoka ME1 hadi ME2 hudhani amepiga hatua mbele, na kwa pointi mambo yamegeuzwa: kubwa ndiyo bora. Ni mpangilio wa kuchanganya watu, sitausifu.

Sasa pima upana wa ngazi hizo. ME1 ina alama 17 ndani yake, ME2 nayo 17, EE2 ina 15, lakini AE1, AE2 na BE1 zina kumi kumi. Mtoto aliyekuwa na 30 akafika 41 amepanda ngazi mbili kwa alama 11. Mtoto aliyekuwa na 41 akafika 57 amepata alama 16 zaidi na hajapewa pointi hata moja. Pointi hupimwa kama mahindi ya sokoni: muuzaji anahesabu gorogoro zilizojaa, na kilichobaki chini ya gorogoro hakiingii kwenye hesabu. Watoto wa katikati, kama wako, ndio wanaoumia zaidi na utaratibu huu, kwa sababu wamo kwenye ngazi pana kuliko zote.

Haya, tuziweke ripoti mbili pamoja. Hisabati ametoka 42 hadi 54, ongezeko la alama 12, na bado ni ME2, pointi 5. Mafunzo ya Awali ya Ufundi ametoka 44 hadi 55, bado pointi 5. Kilimo 60 hadi 68 na Sanaa Bunifu na Michezo 62 hadi 70, yote yamebaki pointi 6. Hapo kuna alama 39 za jasho ambazo safu ya pointi haikuziona kabisa.

Upande wa pili, Kiingereza kimetoka 58 hadi 57, Kiswahili 76 hadi 74, Masomo ya Jamii 59 hadi 57, Elimu ya Dini ya Kikristo 75 hadi 74. Jumla ya zilizopotea ni alama 6, na kila somo likavuka mpaka kwenda chini, zikaondoka pointi 4. Pointi ya tano imeondoka na Sayansi, iliyotoka 61 hadi 52.

Kwa maneno mengine, angepata alama moja tu zaidi katika kila moja ya hayo masomo manne ya mwanzo, ungepokea ripoti ya pointi 53 na pengine usingeniandikia.

Na jihadhari na muhula ujao. Sasa hivi ana masomo sita yaliyokaa chini kidogo tu ya mpaka: Kiingereza, Masomo ya Jamii, Kiswahili na Dini yanahitaji alama moja moja, Awali ya Ufundi tatu, Hisabati nne. Akipata alama hizo 11 na mengine yabaki yalivyo, pointi zitaruka hadi 55. Ripoti itakuwa na mshale wa kijani na nyumba nzima itashangilia, ilhali mabadiliko ya kweli yatakuwa madogo kuliko aliyoyafanya muhula huu uliomtia lawamani.

Ule mshale mwekundu na -0.6 ni tofauti ya wastani wa pointi. Programu ya shule imechukua 54 ikagawanya kwa 9, ikapata 6.0, ikachukua 49 ikagawanya kwa 9, ikapata 5.4. Tofauti ni hiyo 0.6, ikazungushwa. ME1 na ME2 zilizoandikwa chini zimetoka hapohapo: 6.0 inaitwa ME1, 5.4 inakatwa kuwa 5, inaitwa ME2. Lakini wangegawanya alama badala ya pointi, wastani ungekuwa 59.7 muhula wa kwanza na 62.3 muhula wa pili, na yote mawili yangeandikwa ME1 na mshale ungetazama juu. Ngazi ya jumla ya mtoto ni kitu ambacho shule imejitengenezea yenyewe. KNEC katika matokeo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, hutoa ngazi ya kila somo, haitoi gredi moja ya wastani kama ile ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, wala haimpi mtoto namba. Ndiyo maana mimi ningeupuuza mstari huo wa chini na kusoma safu ya alama.

Safu ya alama nayo usiiamini kupita kiasi. Chukua Kiingereza cha 57. Mitihani mingi ya muhula haina alama 100 kwenye karatasi. Ina 40 au 50 na hubadilishwa kuwa asilimia. Kwenye karatasi ya 40, kila alama ni 2.5. Mtoto aliyepata 23 kwa 40 ana asilimia 57.5. Programu moja itazungusha iwe 58, ME1, pointi 6. Nyingine itakata desimali ibaki 57, ME2, pointi 5. Karatasi ni ileile na mtoto ni yuleyule. Ndiyo sababu sibishani na mtu juu ya kushuka kwa alama moja au mbili. Sahihisho moja la mwalimu aliyechoka linatosha kuzileta.

Kuna mambo mengine matatu ya kuuliza kabla ya kulinganisha muhula na muhula. Je, mitihani yote miwili ilitoka mahali pamoja? Shule nyingi hununua mitihani iliyochapwa, muhula mwingine zinafanya ya pamoja na majirani, na ugumu haulingani. Je, alama zimehesabiwa kwa njia moja? Wapo wanaochukua wastani wa mtihani wa kufungua, wa katikati na wa mwisho, na wapo wanaochukua wa mwisho peke yake. Shule ikibadilisha katikati ya mwaka, ulinganisho wote umeharibika. Na je, masomo yote tisa yamo? Mtoto akikosa karatasi moja kwa ugonjwa, programu humwekea sifuri na jumla inaporomoka. Kwa kijana wako nimehesabu, tisa yote yamo.

Sasa Sayansi. Alama tisa chini haziwezi kuelezwa kwa desimali, hasa kwa mtoto ambaye Hisabati yake imepanda. Usianze na masomo ya ziada ya kulipia. Anza kwa kuomba karatasi yenyewe iliyosahihishwa. Shule ikisema imetupwa, omba daftari la Sayansi na karatasi ya maswali. Ukiipata, chukua kalamu na ugawanye alama zilizopotea kwa mafungu matatu: maswali aliyoyaacha wazi, maswali aliyojibu nusu, na maswali aliyojibu akakosa.

Fungu la kwanza likiwa kubwa, tatizo ni muda au mada ambayo haikufundishwa. La pili ndilo ninalolitarajia. Swali linasema "eleza" na lina alama mbili, mtoto anaandika neno moja kana kwamba ameambiwa "taja", anapata alama moja. Hili hurekebishwa kwa majuma machache: kila jibu la alama mbili liwe na hoja na sababu yake. Fungu la tatu likiwa kubwa, basi kuna mada hajaielewa, na hapo unahitaji kujua ni ipi.

Mtaala wa Sayansi Jumuishi umegawanywa kwa mada kuu, na katika Gredi ya 8 zipo tatu. Mchanganyiko, elementi na kampaundi. Viumbe hai na mazingira yao. Kani na nishati. Chini ya viumbe hai kuna seli na jinsi vitu vinavyoingia na kutoka kwenye seli, mahali ambapo watoto wengi hukariri bila kuona. Unaweza kumpima jikoni. Kata vipande viwili vya kiazi kibichi, kila kimoja sentimita 5, unene wa kidole kidogo, na avipime kwa rula. Weka kimoja kwenye glasi ya maji matupu, kingine kwenye glasi ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya chumvi. Viache usiku kucha. Asubuhi cha maji matupu kitakuwa kigumu na huenda kimerefuka kidogo. Cha chumvi kitakuwa kimelegea, kinapinda bila kuvunjika, na kimefupika. Mwulize kwa nini. Akisema maji yametoka ndani ya seli kupitia utando kuelekea nje ambako chumvi ni nyingi, ameelewa. Akisema "chumvi imekausha kiazi", mada hiyo irudiwe. Usimpe jibu, mrudishe kitabuni.

Kwa mwalimu wa darasa, usiulize "Kijana anaendeleaje?" Utajibiwa "Anajitahidi, mama", na utarudi nyumbani mikono mitupu. Uliza hivi: "Kwenye Sayansi, ni mada gani ambayo bado hajaifikia, na ni kitu gani hasa anachoshindwa kufanya?" Mtaala huu umeandikwa kwa mada na mada ndogo, na mwalimu anatakiwa kuweka kumbukumbu ya kila mtoto kwa mpangilio huo. Hayo maoni ya "ajitahidi zaidi" mara nyingi huchaguliwa na programu kulingana na ngazi. Kila mwenye ME2 huyapata. Msiyapiganie nyumbani.

Jambo la uzito zaidi ni kujua ni alama zipi zinaingia kwenye safari yake ya kwenda sekondari ya juu. Kijana aliye Gredi ya 8 mwaka huu wa 2026 alifanya KPSEA, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2024 na atafanya KJSEA mwaka 2027. Matokeo yake ya mwisho yatakusanywa hivi: KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na karatasi za KJSEA zenyewe asilimia 60. Tathmini za shuleni zinazohesabiwa hapo ni zile zinazotoka KNEC, ambazo mwalimu huzisimamia, huzisahihisha na kupeleka alama kwenye mtandao wa KNEC. Mtihani wa mwisho wa muhula ulionunuliwa hauingii. Kwa hiyo hii ripoti iliyowagombanisha, kwa uwezekano mkubwa, haitabeba hata alama moja kwenda mbele. Inawaonyesha tu mahali pa kutia nguvu.

Chukua mfano wa Hisabati, kwa namba za kubuni, uone uzito wa kila kipande. Mtoto mwenye 50 kwenye KPSEA anapata 10 kati ya 20. Tathmini za shuleni akiwa na wastani wa 65 anapata 13 kati ya 20. Tayari ana 23 kabla hajaingia chumba cha mtihani. Akipata 54 kwenye KJSEA, hiyo ni 32.4 kati ya 60, jumla 55.4. Ili jumla ifike 58 anahitaji 59 kwenye karatasi yenyewe. Tathmini za shuleni zingekuwa 80 badala ya 65, angehitaji 54 tu, kwa sababu alama 15 za tathmini zinaleta 3 kwenye jumla, na hizo 3 ni sawa na alama 5 za karatasi ya mwisho. Nawaambia wazazi mara kwa mara wafuatilie hizo tathmini: mwulize mwalimu ya Gredi ya 8 imepangwa lini, na siku hizo mtoto asikose shule kwa sababu ya karo, mazishi ya jamaa wa mbali au mafuriko ya Nyando pale mnapoweza kumlaza kwa ndugu aliye karibu na shule. Kazi iliyokosekana ni shida kuirudia.

Kuhusu mkondo wa sekondari ya juu, iwe STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii au Sanaa na Michezo, bado mapema, ila Hisabati inayopanda na Sayansi inayoshuka ni jambo la kuzungumza naye kabla ya Gredi ya 9. Kama anawaza mambo ya STEM, Sayansi ndiyo ya kushughulikia likizo hii ya Agosti.

Dada yake yuko kwenye mfumo mwingine kabisa, usimweke naye kwenye mizani moja. KCSE ina pointi 12: A ni 12, B ni 9, C+ ni 7, C- ni 5, E ni 1. Gredi yake ya wastani hutokana na masomo saba, yaani Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi, jumla ikiwa pointi 84. Pointi 5 kwa 8 za kijana na pointi 5 kwa 12 za dada hazifanani, na hakuna jedwali rasmi la kugeuza ME2 kuwa herufi. Ukiona mtu amechapisha jedwali kama hilo kwenye WhatsApp, lipite. C+ ya msichana ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kwa shahada, kwa hiyo yuko kwenye mstari wenyewe na hana nafasi ya kushuka, na KCSE yake ni 2027, mwaka uleule wa KJSEA ya mdogo wake. Pangeni karo na vitabu mkijua hivyo.

Huyo mdogo wa Gredi ya 2 hana ngazi nane. Madarasa ya chini hutumia nne: 4 ni kuzidisha matarajio, 3 ni kufikia, 2 ni kukaribia, 1 ni kuwa mbali. Kwa kaka yake 4 ingekuwa AE1, alama thelathini na kitu. Kwake yeye ni ya juu kabisa. Mpongezeni.